Madaraka kwa Wenyeji, na Sisi Makarani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya jambo lililozuka katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba kheri karani awe chini ya Wizara iliyo mbali kuliko kuwa chini ya madiwani walio karibu, maana aliye mbali hakujui, na asiyekujua hakuonei. Wengi walicheka, na wengi zaidi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku ile nimeulizwa sababu mara nyingi. Basi, ni hii.

Habari ya kugawa madaraka si mpya katika nchi hii. Mwaka 1926, zamani za Gavana Sir Donald Cameron, ilitungwa sheria ya Mamlaka za Wenyeji, na machifu wakapewa mabaraza yao na hazina zao. Hazina hizo zilirudishiwa sehemu ya kodi iliyokusanywa, na karani wa hazina alikuwa mtu wa kuamkiwa njiani. Walakini chifu aliutazama uso wa Bwana Shauri kuliko nyuso za watu wake, kwa kuwa aliyeweza kumwondoa kitini ni Bwana Shauri. Yale yalikuwa madaraka ya kuazima. Uchifu ukaondolewa kwa sheria ya mwaka 1963.

Kisha mwaka 1972 ikaja siasa ya Madaraka Mikoani, iliyotengenezwa kwa shauri la kampuni ya Kimarekani iitwayo McKinsey, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Jina lilisema kwamba madaraka yanakwenda kwa watu, lakini kwa kweli waliokwenda ni maofisa. Walitoka Dar es Salaam wakaenda mikoani, na madaraka yao wakayachukua mfukoni. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na zile za wilaya kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka huo huo wa 1984, alikiri kwamba kama angaliweza kuanza upya asingalizifuta serikali za mitaa. Si viongozi wengi wasemao hivyo juu ya kazi ya mikono yao.

Leo Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba zinazitambua serikali za mitaa, nazo zasema kwamba zimewekwa ili madaraka yawafikie wananchi. Maneno ni mazuri. Lakini sisi tukaao mezani tunazijua fedha zinavyokwenda. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Wengi tulifurahi, maana ilikusanywa kwa ukali, lakini halmashauri zilipoteza fungu lao. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilitolewa mikononi mwa halmashauri ikapewa Mamlaka ya Mapato. Mtu asiye na fedha za kwake hupangiwa hata chakula cha usiku.

Niruhusuni nitoe mfano. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi zamani, upepo uling'oa mabati sita ya zahanati. Wanakijiji wakasema watatoa mbao na mafundi, mradi halmashauri itoe mabati. Fedha zilikuwamo katika akaunti, ila zilikuwa za kasma nyingine, na kuzihamisha kulitaka ruhusa ya juu. Mimi ndimi niliyeandika barua ile, na ya kuikumbusha, na ya kuikumbusha ile ya kuikumbusha. Jibu la kukubali lilifika mvua zimekwisha kupita, na dawa zimekwisha kuloa. Wale wanakijiji hawakumjua bwana wa Wizarani hata kwa jina. Walinijua mimi. Mimi ndiye niliyetazamwa kwa jicho baya sokoni, wala sikuweza kuwaambia neno la maana. Sasa huyo mwenzetu asema kwamba umbali ni kinga. Ni kinga kwa nani?

Hata hivyo sitaki kumfanya mwenzetu kuwa mjinga, kwa maana hofu yake ina msingi. Tazama jirani zetu wa Kenya. Kwa Katiba yao ya mwaka 2010 walianzisha kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, na Katiba hiyo yaagiza zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Afya ikawa kazi ya kaunti. Lakini mapatano ya mishahara ya madaktari ya mwaka 2013 yalitiwa sahihi na Wizara, na kaunti zikasema hazikuwamo. Ikawa huyu amtupia yule, hata madaktari wakagoma siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017. Wagonjwa waliteseka, na wafanyakazi wakalaumiwa na pande zote mbili.

Kwa hiyo mimi sisemi tukabidhiwe kwa madiwani kama mizigo. Nasema hivi: leo Mkurugenzi wa Halmashauri huteuliwa na Rais, nasi twajua uso wake unaelekea wapi anapobanwa, kama ule wa chifu wa zamani. Madiwani wawe na sauti ya kweli katika kumchagua na kumwajibisha. Ruhusa ya kuhamisha fedha ndogo za matengenezo ikomee katika Halmashauri. Mishahara, pensheni na haki ya kukata rufani tukifukuzwa zilindwe kwa sheria ya nchi nzima, ili diwani asiyependa uso wa karani asiweze kumnyima mkate. Hayo ya mwisho ndiyo Chama chetu kiyapiganie, badala ya kupigania tubaki chini ya mtu asiyetujua.

Nimempa Katibu wa tawi azimio kwa maandishi. Namwomba yule mwenzetu aje kulipinga mbele ya wote, nami nitamsikiliza.

Mimi, karani mwenzenu.