Asubuhi Nzima Sketi, Ushuru Dakika Mbili

Wadau wa Tunduma na Vwawa, leo naomba tumseme kidogo mtangazaji mmoja. Jina kapuni, redio kapuni, ila panda bajaji saa moja asubuhi, utamsikia tu. Sauti nzito, salamu ndefu, halafu anaanza: vijana wa mpakani hawana adabu, mabinti wanavaa hovyo, zamani wazee waliheshimiwa, mitandao imeharibu nchi. Simu zinamiminika.

Kiukweli jamaa kazi anaijua. Na sio kila anachosema ni uongo, akiwachana wanaobetia hela ya kodi hata mimi naitikia.

Kinachonikera ni kingine. Mtu akipiga kuuliza habari za diwani wake, mtaro wa sokoni au ushuru wa meza, anajibiwa, "Asante msikilizaji, simu yako inakatika." Haikatiki hiyo, inakatwa! Akipiga mzee wa kulaumu sketi, mtandao unakuwa safi dakika kumi. Siasa za kitaifa nazo anazigusa juu juu: tudumishe amani, tuwaheshimu viongozi, wanaopiga kelele wametumwa. Za mtaani kwetu, kimya.

Sasa mji huu ndio wa kukaa kimya jamani? Songwe imemegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mkoa bado mchanga, kila siku kuna la kuamua: barabara ipi ianze, soko likae wapi. Malori mengi ya kwenda Zambia na Kongo yanapita hapa. Kituo cha pamoja cha forodha na wenzetu wa Nakonde kilizinduliwa 2019 ili mambo yaende chapchap, na bado kuna siku foleni inajipanga kilometa kwa kilometa, boda wanapenya katikati ya matairi. Dada anayeuza ndizi pembeni ya hayo malori hana swali la sketi. Ana swali la choo, la taa, na la ushuru anaokatwa kila siku unakwenda wapi.

Najua mtasema anaogopa. Na hofu yake ina msingi, tusijifanye hatujui. Agosti 2016 waziri alizifungia Radio 5 ya Arusha na Magic FM ya Dar kwa madai ya uchochezi. Agosti 2020, kuelekea uchaguzi, TCRA ikaifungia Clouds FM siku saba. Kama wakubwa wanazimwa, redio ya mkoani yenye matangazo mawili matatu ya duka la simu itapona? Ongeza na hili, redio nyingi za mikoani zinategemea pia matangazo ya serikali na halmashauri. Nani atamuuliza maswali anayemlipa?

Ila kaka yangu, kuuliza mtaro utazibuliwa lini sio uchochezi. Halafu hizo mila unazozisifia, mzee alikuwa anakaa barazani, anaulizwa na anajibu mbele ya watu. Kumkatia mwenzio simu katikati ya sentensi, hiyo nayo ni adabu ya wapi?

Tupe siku moja tu kwa wiki. Mlete diwani studio, mkae naye saa nzima, simu ziwe wazi. Siku nyingine zote hubiri maadili utakavyo. Na mimi ukinialika, nakuahidi navaa sketi ndefu mpaka kwenye kisigino.