Kalamu ya Jacobs haina mrithi mmoja
Tangu Edgar P. Jacobs wa Ubelgiji afariki dunia mwaka 1987, wapenzi wa katuni zake za Blake na Mortimer hawajaacha kubishana: nani anastahili kushika kalamu yake? Mwaka 1996 Jean Van Hamme na Ted Benoit waliwarudisha mashujaa hao, na mwaka 2000 Yves Sente na André Juillard wakaja na hadithi yao. Wapo wasomaji wanaotaka kila kitu kibaki kama alivyokiacha marehemu, hata yale maelezo marefu yanayosimulia kile ambacho macho yameshakiona pichani. Nawaelewa, maana aliyesoma kitabu chake La Marque jaune haisahau ile herufi M ndani ya duara kwenye kuta za London. Lakini kuiga mkono wa marehemu si kumuenzi. Jacobs alipendwa kwa kuthubutu: mwaka 1946, vita vikuu vimekwisha juzi tu, alianza kuchora vita vya tatu vya dunia. Ndiyo maana nasimama na mchoraji François Schuiten, ambaye katika Le Dernier Pharaon ya mwaka 2019 alimchora Mortimer akiwa mzee, ndani ya Brussels iliyohamwa, kwa mistari yake mwenyewe. Wanaolalamika kwamba huyo si Mortimer wao bado wanavyo vitabu vya Jacobs, na hakuna atakayewanyang'anya. Anayerithi kazi kubwa hulipa deni kwa kuongeza kitu, na hicho ndicho tumdai kila anayeishika kalamu hiyo.