Fizikia ya Nini? Tuulize Habari za Ukuta

FIZIKIA ya nini? Hilo ndilo swali ambalo mwalimu wa somo hilo, awe Kitale au Bungoma, hana budi kulijibu kila mzazi anapokuja kushauriana juu ya mkondo wa masomo wa mwanawe, hasa tangu Gredi ya 10 ianze Januari 2026. Jibu la kawaida ni udaktari na uhandisi. Jibu hilo limechakaa. Mimi ningemjibu mzazi huyo kwa neno moja: nyutroni.

Mengi yameandikwa juu ya kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati, kama lifanyavyo jua. Desemba 2022 maabara ya Livermore, Marekani, ilipata megajuli 3.15 kwa leza iliyotia megajuli 2.05. Mwaka 2023 mtambo wa JET huko Uingereza ulitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu za fueli, kisha ukafungwa. Ni mambo makubwa. Lakini wanaoyasifu wameutazama moto, jiko hawakulitazama.

Deteriamu na tritiamu zinapoungana, hutoka kiini cha heliamu na nyutroni moja. Nyutroni hiyo hubeba elektronivolti milioni 14.1 kati ya milioni 17.6, yaani asilimia 80 ya nishati yote. Kwa kuwa haina chaji, sumaku zinazoizuia ile gesi ya moto haziwezi kuishika. Hupita moja kwa moja ikaugonga ukuta, ikazing'oa atomu za chuma mahali pake. Nyutroni nyingine huzalisha heliamu ndani ya chuma chenyewe. Vipovu hujaa, chuma kikavimba na kuvunjika bila kupinda. Fundi wa jua kali mjini Bungoma atalielewa jambo hili upesi kuliko wengi wenye vyeti. Hata hivyo, nyutroni hiyo hatuwezi kuifukuza, kwani ndiyo iletayo joto la kuzalishia umeme, na ndiyo iigeuzayo lithiamu kuwa tritiamu, fueli ambayo kimaumbile ni adimu mno na nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 12.3.

Basi ukuta ujengwe kwa nini? Wenye mradi wa ITER, nchini Ufaransa, walikuwa wameamua kutumia beriliamu. Mwaka 2023 wakageuza nia, wakachagua tungsteni, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 3,422 za selsiasi. Nao watengenezaji wa feleji ya vinu hivi huitoa nikeli, molibdenamu na niobiamu kadiri wawezavyo. Niobiamu! Mwanafunzi wa Kenya hana budi kushtuka hapo, maana madini hayo yamo katika kilima cha Mrima, Kwale, ambako leseni ya kampuni iliyokusudia kuyachimba ilifutwa mwaka 2013. Niobiamu hiyohiyo, ikichanganywa na bati, ndiyo iliyomo katika nyaya za sumaku za ITER, nyuma ya kinga nene. Ikikaa ukutani, nyutroni huigeuza kuwa nururifu, nayo huchukua miaka kama 20,000 kupungua nusu.

Watakuwapo wa kusema kwamba hayo ni ya matajiri, na kwamba shule zetu nyingine hazina hata ammita nzima. Ni kweli. Lakini matajiri nao bado hawana mahali pa kuipiga feleji kwa nyutroni za nguvu hiyo, kwa wingi wa kutosha, miaka na miaka. Mtambo wa kazi hiyo unajengwa karibu na Granada, Hispania. ITER yenyewe imepangiwa kuanza kutumia deteriamu na tritiamu mwaka 2039. Mtoto wa miaka 15 aliyeingia Gredi ya 10 mwaka 2026 atakuwa na miaka 28.

Walimu wenzangu, haitoshi kuichora nyutroni ubaoni kama kiduara kisha kuifuta. Katika mtihani wa pamoja ujao, Trans Nzoia na Bungoma, tuwaulize: kwa nini niobiamu inakubaliwa katika sumaku na kukataliwa ukutani? Swali hilo halihitaji maabara.