Vyuma vya Katwe na makarani wa mpakani

Sufuria na majiko yanayofuliwa Katwe, Kampala, huvuka mpaka mara nyingi bila kuandikwa kwenye karatasi za forodha. Wa kuyaandika ni karani wa takwimu. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Shirika la Takwimu la Uganda (UBOS) na Benki Kuu ya nchi hiyo wamekuwa wakichunguza biashara isiyo rasmi katika vituo kama Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe.

Kazi yenyewe si ya kiyoyozi. Karani hukaa kando ya njia, jua lake mvua yake, akitazama kinachopita: baiskeli, mkokoteni, mzigo wa kichwani. Hukadiria kiasi na thamani, akaandika. Adui yake mkubwa ni kalamu yake mwenyewe. Mfanyabiashara akiiona humdhania mtu wa kodi, akapinda njia ya panya, au akataja sufuria tano badala ya hamsini. Na nani atamlaumu?

Hata hivyo hasara humrudia mwenyewe. Takwimu hizo huingia katika hesabu za malipo kati ya Uganda na nchi za nje, na biashara isiyoonekana humo ni vigumu kuidaia soko la mpakani au barabara. Wengine hukwepa hata pale penye nafuu: katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa za nchi wanachama zilizomo kwenye orodha ya pamoja, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha asili. Kwa anayepitia Busia au Mutukula, cheti hicho hutolewa mpakani hapo hapo.