Askofu Aliyeuawa na Jamaa Yake

Juma hili twende Köln, katika nchi ya Ujerumani, tukamtazame Askofu Mkuu Engelbert, ambaye sikukuu yake ni tarehe 7 Novemba.

Msidhani alizaliwa mtakatifu. Alikuwa mtoto wa mtawala wa Berg, akapewa cheo kikubwa katika kanisa kuu la Köln mwaka 1199, naye hajatimiza hata miaka 15. Siku zile wakubwa wa Ujerumani waligombea ufalme. Engelbert akashika upande wa jamaa yake, Askofu Mkuu Adolf, akachukua silaha, na mwaka 1206 akatengwa na Kanisa. Baadaye alitubu, akasamehewa, na mwaka 1216 akawa Askofu Mkuu mwenyewe.

Alikuwa mtu mkali. Alijenga ngome, akarudisha mali za Kanisa zilizoporwa, akawabana mabwana wapenda vita. Kaisari Friedrich II alipokwenda Italia mwaka 1220 alimwachia ulezi wa mwanawe Heinrich na utunzaji wa nchi.

Basi huko Essen palikuwa na nyumba ya watawa wanawake. Mlinzi wa mali yao alikuwa bwana mmoja, Friedrich wa Isenberg. Lakini mlinzi huyo aligeuka fisi zizini: akawaonea watawa pamoja na wakulima wao. Wakapeleka mashtaka mpaka kwa Papa Honorius III na kwa Kaisari, na Engelbert akaagizwa awatetee.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa maana Friedrich alikuwa mtoto wa binamu yake. Nani kati yetu hajui maneno ya ukoo? Hata mimi karani wa parokia, mwenye kalamu tu na daftari la ubatizo, huambiwa, “Wewe si wetu? Andika hivyo hivyo.” Itakuwaje kwa mtu mwenye nchi nzima mkononi!

Engelbert hakufumba macho. Mwezi Novemba 1225 walikutana Soest, wasipatane. Alikuwa amekwisha kuonywa kwamba anaviziwa. Caesarius wa Heisterbach, mtawa aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba aliungama dhambi zake zote kwa machozi. Kisha akashika njia kwenda Schwelm kubariki kanisa. Jioni ya tarehe 7, karibu na Gevelsberg, watu wa Friedrich wakamrukia. Yawezekana walitaka kumkamata tu. Lakini alipigana, nao wakamwua. Wenzake wengi walikuwa wamekimbia. Maiti yake ikachukuliwa kwa gari la samadi, na huko Köln wakahesabu majeraha 47.

Friedrich alikamatwa, akauawa Köln mwezi Novemba 1226. Ndugu zake wawili, maaskofu wa Münster na Osnabrück, walishukiwa kuijua njama hiyo wakavuliwa vyeo. Na pale Gevelsberg, mahali damu ilipomwagika, pakajengwa nyumba nyingine ya watawa wanawake.