"NA MAREKANI JE?" SI JAWABU

Vibarazani Masasi na kwenye maghala ya korosho Newala jawabu ni lile lile. Ukisema kwamba Urusi ilivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, ikaua raia na kubomoa miji, mwenzako hasemi ndiyo wala siyo. Huuliza: "Na Marekani je, kule Iraki?"

Ndugu, Iraki twaijua. Vita ile ya 2003 ilikuwa dhuluma, nasi twaiita dhuluma. Lakini katibu wa chama cha msingi akiulizwa magunia yaliyopungua ghalani, akajibu kwamba chama cha jirani kimepoteza mengi zaidi, mkulima atakwenda nyumbani ameridhika? Atasema: hayo tutayauliza huko, hapa lete magunia yetu.

Wazee wana hoja nzito kuliko hiyo, wala hatuidharau. Wanasema Mrusi alitusaidia. Ni kweli. Vita vya FRELIMO vilipoanza mwaka 1964, ndugu zetu walivuka Ruvuma kwa maelfu wakapokewa huku. Mreno alikuwa mwanachama wa NATO; bunduki za wapiganaji zilitoka Moscow na China. Lakini Muungano wa Kisovieti haukuwa Urusi peke yake. Ukraine ilikuwamo, na wapigania uhuru wa Afrika walifundishwa vita karibu na Simferopol, katika Crimea, iliyokuwa sehemu ya Ukraine tangu 1954. Kama ni deni, tunadaiwa na wote wawili. Sasa mmoja anampiga mwenziwe, nasi twamshukuru mpigaji!

Tena wazee wakumbuke Agosti 1968, majeshi ya Kisovieti yalipoingia Czechoslovakia. FRELIMO walikuwa kambini Nachingwea, nao walizihitaji silaha za Moscow. Kama kulikuwa na serikali yenye sababu ya kuuma ulimi, ni yetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ililaani uvamizi ule hadharani. Haikuuliza, na Vietnam je? Ya Vietnam iliyasema pia, mahali pake.

Tarehe 2 Machi 2022 nchi 141 za Umoja wa Mataifa ziliitaka Urusi iondoke Ukraine, 5 zilikataa, na 35 hazikuchagua upande, Tanzania ikiwamo. Serikali ina sababu zake, na kutofungamana ni siasa yetu ya zamani. Lakini mkulima wa Newala hana ubalozi wa kuulinda. Kwa nini naye afumbe macho?

Kijana mmoja wa Kitanzania alikwenda Moscow kusoma. Akafungwa gerezani, kisha, kama Wizara ya Mambo ya Nje ilivyoeleza, akaahidiwa msamaha akikubali kupigana na kundi la Wagner, lile lile lililofika Cabo Delgado, ng'ambo ya mto wetu, mwaka 2019 likashindwa. Aliuawa Ukraine Oktoba 2022, na mwili wake ukarudishwa nyumbani Januari 2023. Mwenye kutuuliza habari za Iraki atuambie angewajibu nini wafiwa.