MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo leo unaihusu Kihanga na Karagwe nzima, kama unavyovihusu visiwa vyetu.

Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, alioneshwa nyumba ya hazina ya Mfalme Rumanyika, yenye silaha na sanamu za madini, zikiwamo za ng'ombe. Karagwe ilisifika kwa wahunzi wake, na kazi za mikono ya wazee hao ni urithi wa Taifa. Mkuki au ngoma ya babu iliyobaki nyumbani ni sehemu ya urithi huo. Lakini mara nyingi mchuuzi anayebisha hodi huijua bei yake kuliko mwenyewe.

Msomaji wa Unguja au Pemba asiseme kwamba hayo ni ya Bara. Mlango wa nakshi, sanduku la njumu na msahafu ulioandikwa kwa mkono navyo vinatafutwa na wachuuzi wa namna hiyohiyo.

Sasa zimepatikana programu za simu zinazotambua vitu kwa picha. Mwaka 2021 Polisi wa Kimataifa, Interpol, walitoa moja iitwayo ID-Art, isiyolipiwa. Ofisa wa forodha, au mwananchi yeyote, hupiga picha ya kitu, na programu huilinganisha na picha za vitu vilivyoibiwa, ambavyo idadi yake katika orodha hiyo inazidi 50,000. Aidha, humwezesha mwenye mali kuandika kadi ya kitu chake: picha, vipimo na alama zake.

Hata hivyo tusijidanganye. Programu haiwezi kukitafuta kitu ambacho hakijapata kupigwa picha wala kuandikwa. Mkuki wa Kihanga ukiibwa leo bila kumbukumbu, kesho utauzwa ughaibuni kama mkuki wowote wa Afrika.

Jirani zetu wa Kenya wametupa funzo. Mwaka 1985 mtaalamu Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa na vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Vigango hivyo vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilitambuliwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na kimoja kikarudishwa kwa familia mwaka 2007. Ushahidi ulikuwa ile picha.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayepeleka mali ya kale nje ya nchi awe na kibali. Lakini ofisa wa mpakani atakizuiaje kitu asichokitambua?

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wa Chama na Serikali, Bara na Visiwani. Maofisa utamaduni wapite vijijini na mitaani, wapige picha na kuandika. Wazee wakae nao, kwani programu hutambua umbo, bali jina la Kinyambo la chombo, aliyekifua na kazi yake wanavijua wao. Wananchi wahakikishiwe kwamba kuandikisha si kunyang'anywa. Na daftari lilindwe, maana orodha inayotaja nyumba ya mwenye mali, ikianikwa hadharani, itakuwa ramani ya mwizi.

Simu tunazo mikononi, na wazee wangali hai. Kazi hiyo ianze sasa.